Nyumba ya Muislamu: Maradhi Yasiyosomeka Usoni

Katika barua tulizozipokea mwezi huu iko moja iliyotoka Bagamoyo, ambayo tuliisoma, tukaiweka, kisha tukairudia. Mwenyewe ametuomba tusimtaje jina wala mtaa, nasi twamtimizia. Ni kijana wa miaka 29, fundi wa kuchonga milango na samani. Amezaliwa na selimundu, maradhi ya damu ambayo wengi wetu twayaita sikoseli. Dada yake, waliozaliwa naye baba mmoja mama mmoja, anayo pia. Dada huyo amelazwa hospitali mara zisizohesabika, na sasa hutembea kwa bakora kwa sababu nyonga yake imeharibika. Yeye fundi hupita mwaka mzima bila kulazwa. Watu wamwonapo na randa mkononi hawaamini kwamba ni mgonjwa, na siku maumivu yampatapo akajilaza, husema anakwepa kazi.

Sasa amepeleka posa, na posa imepokewa. Mama yake amemwambia, "Nyamaza, mwanangu. Mungu amekusitiri, nawe jisitiri. Ukisema, hutapata mke." Lakini nafsi yake yamsuta. Atuuliza mambo mawili. La kwanza, yampasa kusema? La pili, akisema na akakataliwa, ndiyo akae maisha yake yote bila nyumba?

Maswali yote mawili tutayajibu. Walakini kabla ya jibu hapana budi tuyajue maradhi yenyewe, maana makosa mengi yanayotendeka katika jambo hili hayatoki katika ubaya wa moyo. Hutoka katika kutojua.

Ndani ya damu yetu mna chembe nyekundu, ndogo mno, laini na za mviringo. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha kila pahala mwilini, na kitu kinachoibeba oksijeni hiyo huitwa hemoglobini. Mwenye selimundu, hemoglobini yake ina kosa dogo sana la maumbile. Chembe zake zikipungukiwa na oksijeni hupindika mfano wa mundu wa kuvunia mpunga, na hapo ndipo lilipotoka jina. Zikisha kupindika huwa ngumu, hukwama katika mishipa midogo, na sehemu iliyo mbele yake ikakosa damu. Ndiyo yale maumivu ya mifupa, mgongo na kifua yanayomfanya mtu mzima alie kama mtoto. Tena chembe nzima huishi yapata siku 120, lakini hizi zilizopindika aghalabu hazipiti siku 20. Kwa hivyo damu hupungua, macho huwa manjano, na mtu huchoka kwa kazi ambayo mwenzake haioni kuwa ni kazi.

Kosa hilo halitokani na chakula, wala halimpati mtu kwa kukaa na mgonjwa. Ni la kurithi. Kila mmoja wetu amepokea chembe mbili za urithi wa hemoglobini hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Wataalamu huziita jeni, na wako waliolisikia neno hilo wakadhani pametajwa jini, wakamkimbiza mtoto kwa mganga. Si jini, ni jeni. Aliyepata mbili nzuri huandikwa AA. Aliyepata moja nzuri na moja yenye kosa huandikwa AS, naye si mgonjwa bali ni mbebaji, na aghalabu huzeeka bila kujua kuwa anayo. Aliyepata mbili zenye kosa huandikwa SS, na huyo ndiye mgonjwa.

Tazameni basi dhuluma iliyomo katika desturi yetu. Mtoto akionekana mgonjwa, hulaumiwa mama. Huambiwa kwao kuna uchawi, au damu yake ni mbaya, na wako waume waliowaacha wake zao kwa jambo hili wakaenda kuoa kwingine. Na ilhali mtoto wa SS hapatikani ila baba na mama wote wawili wametoa. Mume amwachaye mkewe kwa sababu hiyo huondoka na jeni ile ile mwilini mwake, akaichukua mpaka nyumba ya pili.

Huenda mtu akauliza, mbona jambo hili limekuwa jingi katika pwani yetu? Jibu lake ni homa ya malaria. Mnamo mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za makabila mbalimbali ya nchi ile. Akaona kwamba wakaao karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria wana wabebaji wengi, pengine zaidi ya 20 katika kila watu 100, na wakaao nyanda za juu zenye baridi hawana ila wachache mno. Mwaka 1954 akatangaza sababu yake: mtu wa AS hukingika na malaria kali. Miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi walipima kinga hiyo, wakaona kuwa kwa malaria ya hatari yakaribia sehemu tisa katika kumi. Basi kuanzia Kilifi mpaka Pangani, na kuanzia Saadani mpaka Kaole, hapana shaka wamo miongoni mwa wazee wetu waliovuka utoto wao kwa sababu ya jeni hii. Ilikuwa ngao kwa wengi, na wachache waliopata mbili ndio waliolipa gharama yake. Jambo la namna hii si laana juu ya ukoo wa mtu.

Lakini pana kosa moja tuliondoe hapa hapa. Kinga hiyo ni ya mbebaji, si ya mgonjwa. Mwenye SS akipatwa na malaria huwa katika hatari kubwa kuliko watu wengine. Chandarua kwake ni dawa, na yampasa amwulize daktari dawa za kujikinga. Watu wa Bagamoyo khasa hawana udhuru wa kuipuuza malaria, kwani mji wao ulikuwa mmoja katika vituo 11 vya Afrika vilivyofanyiwa jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S lililoanza mwaka 2009. Chanjo hiyo ndiyo Shirika la Afya Duniani lililopendekeza mwaka 2021 wapewe watoto.

Sasa twaja kwenye lile lililomtatiza kijana wetu na jirani zake. Imekuwaje ndugu wawili wa tumbo moja, wenye maradhi yale yale, mmoja atembee kwa bakora na mwingine abebe mbao?

Sababu ya kwanza ni hii. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya namna nyingine, isiyopindika. Baada ya kuzaliwa hupungua, na ndiyo maana mtoto wa SS huonekana mzima miezi ya mwanzo. Lakini wako watu wanaobakiwa na sehemu yake kubwa hata ukubwani, na hao maradhi huwapunguzia makali. Watu wa mashariki ya Arabuni, upande wa Al-Hasa na Qatif, wajulikana kwa jambo hili, na ugonjwa wao aghalabu ni mwepesi kuliko wa kwetu Afrika. Sababu ya pili ni kwamba yako mabadiliko mengine ya damu yaitwayo alfa-thalasemia, yaliyoenea sana katika pwani ya Afrika Mashariki. Mtu akiwa nayo pamoja na selimundu, chembe zake hazivunjiki upesi, ingawa maumivu ya mifupa huenda yasimpungukie. Sababu ya tatu ni maisha yenyewe: baridi, kiu, homa, uchovu, na kama mtu alianza kutibiwa mapema au alichelewa.

Kwa hivyo neno moja, SS, halitoshi kutueleza maisha ya mtu yatakuwaje. Tena hata mtu mmoja habaki katika hali moja. Hupata miaka ya raha, kisha ukaja mwezi mmoja wa kumtupa kitandani. Katika hayo yatoka mafunzo mawili. La kwanza ni letu sisi wazima: tusimpime mgonjwa kwa uso wake. Aliyechonga mlango jana na leo akashindwa kuinuka si mwongo. La pili ni lake mgonjwa mwenyewe: asidanganyike na miaka ya raha akaiacha kliniki, maana macho, figo na nyonga huweza kuharibika kimya kimya hali mtu ajiona mzima.

Wazee walizoea kusema kwamba watoto wa namna hii hawana umri. Wakati wao maneno hayo yalikuwa na sababu, kwani wengi walifariki wachanga, na hata leo wako wanaofariki kabla ya kupimwa. Yakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye maradhi haya, nayo ni miongoni mwa nchi chache za mbele duniani kwa wingi huo. Lakini hukumu ile ya wazee si ya kushika tena. Hata mgonjwa wa kwanza aliyeandikwa katika vitabu vya matibabu vya Ulaya na Marekani alikuwa mtu mzima. Alikuwa kijana wa kisiwa cha Grenada, jina lake Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno katika mji wa Chicago. Daktari James Herrick aliandika khabari zake mwaka 1910. Noel alimaliza masomo, akarejea kwao, akafanya kazi yake ya meno mpaka alipofariki mwaka 1916, naye hakuwahi kupata hata moja katika dawa za leo.

Na leo dawa ziko. Hospitali ya Muhimbili, tangu mwaka 2004, imewaandikisha na kuwafuata maelfu ya wagonjwa wa selimundu, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani na wenzake. Iko dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea, iliyoruhusiwa Marekani kwa watu wazima mwaka 1998, ambayo huizidisha ile hemoglobini ya utotoni tuliyoitaja. Wako waliosema haiwafai watu wa nchi zenye malaria. Ikajaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Uganda, Kongo na Angola, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yakaonyesha kwamba maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Dawa hii hutumiwa kwa amri ya daktari na kwa kupimwa damu mara kwa mara. Na aliye karibu kuoa au kuolewa na ataka watoto, amwambie daktari mapema, kwani pengine italazimu kuisimamisha kwa muda.

Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto uloto wa ndugu zao. Mwaka huo huo Uingereza iliruhusu tiba ya kuhariri jeni, na Marekani ikafuata, kwa bei inayopita dola milioni mbili kwa mtu mmoja. Hiyo bado si tiba ya fundi wa Bagamoyo, lakini yaonyesha kwamba mlango umefunguka.

Sasa, mwanetu, twakujibu.

Swali lako la kwanza: ndiyo, sema. Mama yako amelitumia neno jema pasipo pahala pake. Sitara ni kuifunika aibu ambayo kuifunika kwake hakumdhuru mtu. Kumwoza mtu bila ya kumweleza jambo litakalomgusa yeye na watoto wake, hiyo si sitara. Mwakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta ndani imelowa. Hakumzuia mwenye mali asiuze. Alimtaka ailete juu ile iliyolowa, watu wanunue hali wanaona. Hatukufananishi wewe na nafaka, mwanetu. Twataka uone tu kwamba kosa halikuwa kulowa, kwani mvua yatoka kwa Mungu. Kosa lilikuwa kuficha.

Wala si lazima umwambie kila mtu. Haki ya kujua ni ya binti na ya walii wake, tena kabla ya akdi, si baada. Mtume mshenga wenu aliye mtu mzima na mwenye siri, au nenda mwenyewe pamoja na ami yako. Sema kwa maneno machache: nina selimundu, hali yangu ni hii, natibiwa pahala fulani, na naomba binti apimwe.

Hicho kipimo ndicho chenye jibu zaidi ya maneno yote. Wewe ni SS. Binti akiwa AA, kila mtoto wenu atakuwa AS, mbebaji mzima, na hapatatoka hata mmoja mwenye selimundu. Binti akiwa AS, basi kila mimba nusu kwa nusu: ama mbebaji, ama mgonjwa. Na hesabu hiyo haimalizwi na mtoto wa kwanza, huanza upya kwa kila mimba. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kama walivyokuwa wazee wako, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuwa mgonjwa. Angalieni pia kipimo chenyewe. Kiko cha haraka kinachoonyesha tu kwamba damu yapindika, nacho hakimtengi mbebaji na mgonjwa. Ombeni kile kinachozitenga aina za hemoglobini, kwani hicho ndicho kinachosaidia pia kutambua beta-thalasemia, iliyomo sana kwa watu wa asili ya Bara Hindi na Arabuni. Hiyo nayo ikikutana na S huzaa maradhi. Na familia zenye desturi ya kuoza binti kwa mtoto wa ami au wa mjomba wasiseme kuwa wao wajuana hawana haja ya kupima. Ndoa hiyo ni halali, lakini jeni iliyotoka kwa babu mmoja huwa rahisi kukutana. Saudia, tangu mwaka 2004, kipimo hiki ni lazima kabla ya ndoa, na baada ya majibu uamuzi huachwa kwa wenyewe.

Kwa baba wa binti twasema hivi. Kijana aliyekujia na siri yake mkononi, hali angeweza kuificha, amekuonyesha tabia yake kabla hujamfanyia uchunguzi. Mwangalie kwa hilo pia. Ukiona haiwezekani, ni haki yako. Lakini mjibu kwa upole, na siri yake usiitoe barazani. Sasa sitara ndiyo inayokupasa wewe.

Na kwa mama yake, dada yetu, hatukulaumu. Umekesha usiku mwingi juu ya watoto wawili, na hofu yako yatoka katika mapenzi. Lakini fikiri: mke akija kujua mwenyewe usiku wa kwanza wa maumivu, nyumba hiyo itasimama juu ya nini?

Swali lako la pili: la, huhukumiwi kukaa bila nyumba. Akikataa mmoja, atakubali mwingine. Na wako watu wazima wenye maradhi haya, wake kwa waume, waliooa na kuolewa, wakazaa na kulea. Mwanamke mwenye SS akishika mimba asiende ila kwa madaktari tangu mwanzo, maana mimba yake yataka uangalizi mkubwa.

Ama maisha ya kila siku, yajue yanayokuchochea. Kunywa maji mengi ukiwa kazini. Miezi ya kusi, upepo wa bahari unapokuwa wa baridi alfajiri, jifunike, na utawadhe kwa maji ya uvuguvugu. Na ikiwa maji baridi yanakudhuru na ya moto hayapo, sheria imetoa ruhusa ya kutayamamu. Katika Ramadhani, kiu ya mchana kutwa huweza kuyaamsha maumivu. Mwulize daktari kama mwili wako waweza kufunga. Akikukataza, ruhusa imo katika Sura ya Baqara, aya ya 184 na 185. Awezaye kulipa siku nyingine atalipa, na ambaye ugonjwa wake haumpi nafasi atatoa fidya ya kumlisha maskini. Msimwone mtu huyu akinywa maji mkamfanya mlaji wa mchana.

Mambo haya yakikutokea usingoje kukuche: homa, maumivu ya kifua pamoja na kupungukiwa na pumzi, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili. Na wanaume wana jambo wanaloliona haya kulisema hata kwa ndugu: uume kusimama kwa maumivu bila ya matamanio. Likipita muda wa masaa manne ni la hospitali mara moja. Haya hiyo imewaharibia vijana wengi.

Ndugu zetu, barua ya kijana huyu ilimalizika kwa maneno haya: "Sitaki mtoto wangu aje kuniuliza, baba, ulijua?" Twawaomba wazee wa pwani yote, mkipokea posa, baada ya kuuliza ukoo na mwenendo, ulizeni na kipimo cha damu, kwa wote wawili, wala msimwulize mmoja tu. Nawe mwanetu, ukisha kusema, tuandikie tena. Majibu yakiwa mazuri tutafurahi nawe, na yakiwa mazito tutakuwa nawe vile vile. Mwenyezi Mungu akupe wewe na dada yako afya na subira.

Wassalaam.